Wodi za Bondeni, Maji ya Mlimani: Hospitali za Morogoro na Deni la Uluguru

Mji wa Morogoro umejengwa chini kabisa ya Milima ya Uluguru. Kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kimeuinamia mji kwa karibu sana, na mvua kubwa ikinyesha huko juu hazipiti saa nyingi kabla mto Morogoro haujabadilika rangi katikati ya mitaa. Kusini zaidi, kwenye uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu kinachozidi mita 2,600, ndiko yanakoanzia maji ya mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake ya bomba. Nayaanza maelezo haya na ramani kwa sababu mjadala wa hospitali zinazotunza mazingira umetufikia ukiwa na msamiati wa vifaa: ndoo za taka za rangi tofauti, paneli za sola juu ya paa, taa zisizokula umeme, tanuru la kuchomea taka nyuma ya jengo. Vyote ni vizuri. Ninachodai ni kwamba kwa Morogoro orodha hiyo haianzii mwanzoni. Usafi wa wodi hapa huanzia kwenye mteremko wenye miti au usio na miti, mikononi mwa mkulima ambaye huenda hajawahi kulazwa katika hospitali anayoinywesha. Historia ya zaidi ya miaka 100 inaonyesha jambo moja waziwazi: watu wa bondeni walipoutafuta uzima wa mlima kwa maelewano walidumu nao, na walipoutafuta kwa amri uliwaponyoka.

Maelewano hayo ni ya kale kuliko hospitali yoyote. Upande wa kusini-mashariki wa Uluguru, huko Kolero, palikuwa na mzimu mashuhuri wa Kolelo. Sifa zake zilishuka na mto hadi Uzaramo, na watu wa nchi tambarare walipanda kwenda kuomba mvua, rutuba na uzazi. Hawakwenda mikono mitupu. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, jina la Kolelo lilikuwa midomoni mwa watu wa Uzaramo pamoja na habari za dawa ya maji, jambo linaloonyesha jinsi mlima huu ulivyokuwa na sauti mbali na miteremko yake. Huko Kinole, ukoo wa Kingalu ulijulikana kwa kazi ya kuleta mvua, na waliohitaji mvua walijua mlango wa kubisha. Waluguru wenyewe waliitazama ardhi kuwa ya ukoo, ikirithiwa upande wa mama, na penye makaburi ya wazee wa ukoo miti iliachwa isimame. Sitaki kuupamba wakati ule. Ndui iliua, kuhara kuliua, na wanawake wengi walifia uzazini. Lakini tukitazama njia waliyopita mahujaji wa Kolelo, kutoka nyanda za Ruvu kupanda hadi chanzo chake, tunaona wazo ambalo hospitali za leo zimelipoteza: anayeishi kwa maji ya mto ana wajibu kwa wanaoishi kwenye chanzo, na wajibu huo hulipwa kwa kitu kinachoshikika.

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotoka Bagamoyo, walifungua misheni ya Morogoro mwaka 1882 na ya Matombo mwaka 1897. Walijenga karibu na vijito, na katika misheni zao dawa, bustani na sala vilikaa kwenye uwanja mmoja. Aliyekuja kufungwa kidonda aliyapita mashamba yaliyomwagiliwa kwa maji yale yale yaliyokiosha kidonda. Serikali ya Wajerumani ilipopata nguvu ilifanya kinyume, ikavitenga vitu hivyo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, mji ukavuta ofisi na maduka, na mwaka 1909 misitu ya juu ya Uluguru ikatangazwa kuwa hifadhi ya serikali. Hatua hiyo ya 1909 inastahili sifa yake, kwa sababu bila mpaka ule sehemu kubwa ya msitu uliobaki isingekuwapo leo, wala ndege wasiopatikana popote pengine duniani wanaoishi humo. Lakini mpaka ulichorwa bila kuwauliza wenye ardhi. Kuanzia siku hiyo msitu ukawa wa serikali, mteremko ulio chini yake ukawa wa ukoo, na mji ulio chini zaidi ukawa mteja wa wote wawili asiyezungumza na yeyote kati yao.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilidhihirisha haraka jinsi tiba inavyoitegemea ardhi. Waingereza na washirika wao waliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti 1916, huku jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck likirudi nyuma kuizunguka milima. Meli za Ujerumani hazikuweza kuleta dawa, na waganga wa jeshi lile wakageukia nchi: kwinini ilitengenezwa kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa Amani, Usambara, na bandeji zikatengenezwa kwa magome ya miti ya porini. Kwa upande wa pili, askari wa Afrika Kusini waliangushwa na malaria na kuhara damu kwa wingi kuliko walivyoangushwa na risasi. Majeshi yote mawili yalijifunza kwamba hospitali isiyo na maji safi ni kituo cha kusambazia ugonjwa, somo ambalo Uingereza yenyewe ilikuwa imelipata mapema katika vita vya Crimea. Katika hospitali yake ya kijeshi huko Scutari, vifo vya wagonjwa havikuanza kushuka kwa kiwango kikubwa hadi tume ya usafi iliyotumwa mwaka 1855 ilipozibua mifereji ya majitaka iliyopita chini ya wodi.

Serikali ya Waingereza ilileta zahanati za utawala wa wenyeji katika miaka ya 1920, zikihudumiwa na madresa waliofundishwa kusafisha vidonda na kugawa dawa chache. Kwa watu wa Uluguru hii ilikuwa mara ya kwanza kwa tiba ya serikali kupanda mlima. Lakini wakati dresa anapanda, hofu nyingine ilikuwa ikiongezeka maofisini: mashamba yanapanda miteremko mikali, moto wa kusafishia mashamba unaacha udongo wazi, na mito ya bondeni inajaa mchanga wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Kutokana na hofu hiyo ulizaliwa mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, ulioanza kutekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi: kila mtu mwenye nguvu alitakiwa achimbe kiasi alichopimiwa, na asiyechimba alipelekwa barazani na kutozwa faini. Waliokusudiwa kunufaika kwanza walikuwa chini: mashamba ya mkonge ya bondeni na miji iliyoutazamia mto Ruvu kwa maji.

Kilichofuata ni sura ambayo kila mpangaji wa mazingira Morogoro angepaswa kuijua kwa moyo. Upande wa mashariki, karibu na Matombo, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Jembe la kuchimba ngazi lililifukia tabaka hilo na kuutoa juu udongo mwekundu usiozaa, na mkulima aliyetii akavuna kidogo kuliko jirani yake aliyekaidi. Matuta yalikula siku za kulima na za kupalilia. Zaidi ya hapo kulikuwa na swali la ardhi ya ukoo: aliyelima kwa ridhaa ya ukoo wa mwingine alijiuliza ngazi hizi zitakuwa za nani, na wenye ukoo wakajiuliza kama serikali haiwaandalii walowezi mashamba. TANU ilikuwa imezaliwa Julai 1954 na manung'uniko yalipata pa kusemewa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kuupinga mpango, polisi wakaitwa, ghasia zikatokea na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Kabla mwaka haujaisha ulazima wa matuta ukaachwa. Vijana waliotazama wazazi wao wakitozwa faini kwa ajili ya matuta walikua wakiamini kwamba kuhifadhi udongo ni jina jingine la kazi ya shokoa.

Hapa kuna hoja ya kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba wakulima walikosea, mabwana shamba walikuwa sahihi, na kwamba kuwasifu waliogoma ni kusifu uharibifu. Sehemu moja ya hoja hii ni kweli tupu. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya takriban milimita 100 ilianguka Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, katika muda usiofika saa tatu, na mlima ukaachia maporomoko madogo madogo yaliyokadiriwa kufika 1,000. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walipoyachunguza walikuta karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi, na machache mno yalianzia penye miti. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba mizizi hushikilia mlima. Msitu wa Uluguru nao umepungua, kutoka takriban kilomita za mraba 300 katikati ya miaka ya 1950 hadi kama 230 mwanzoni mwa karne hii. Kwa hiyo maofisa hawakukosea kuuhofia udongo. Walikosea mambo mawili: walitumia dawa moja kwa udongo usiofanana, kwani Mgeta ngazi zilikuwa na nafasi yao na Matombo hazikuwa nayo, tena waliipeleka hasara yote juu na faida yote chini. Daktari anayempa kila mgonjwa dawa ile ile na kumtoza faini anayekataa kuimeza hatuwezi kumtetea kwa kusema kwamba ugonjwa ulikuwapo kweli.

Uhuru uligeuza mwelekeo wa afya kwa namna ambayo bado naiona kuwa moja ya fahari za nchi hii. Kuanzia mwaka 1972 serikali ilihamishia uzito wa fedha kutoka hospitali kubwa hadi vituo vya afya na zahanati za vijijini, miaka sita kabla mkutano wa Alma-Ata haujaifanya huduma ya msingi kuwa lugha ya dunia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadili malaria, minyoo, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakatoka kufyeka madimbwi na kuchimba vyoo kwa mamia ya maelfu. Hiyo ilikuwa elimu ya mazingira kwa maana yake kamili, ingawa wakati huo hakuna aliyeiita hivyo. Ilifanikiwa pale ambapo matuta ya 1955 yalishindwa kwa sababu aliyechimba shimo la choo ndiye ambaye mtoto wake aliacha kuhara. Upungufu wake ulikuwa mmoja: ilimfundisha kila mwanakijiji kuitunza nyumba yake na kijiji chake, lakini haikumuunganisha wa juu na wa chini. Bwawa la Mindu, lililokamilika mwaka 1985 kwenye mto Ngerengere ili kuunywesha mji uliokuwa ukipanuka, lilijengwa kana kwamba maji huanzia bwawani. Tope la miteremko likaanza kulijaza, na linaendelea kulijaza.

Hospitali yenyewe, katika miaka hiyo hiyo, ilikuwa ikibadilika ndani kwa namna ambayo haijaandikwa vya kutosha. Kwa miongo mingi sindano ilikuwa kitu cha kudumu. Bomba lake lilikuwa la kioo, silinda na pistoni zikiwa zimechongwa zilingane, na kwa aina nyingi kila jozi ilikuwa na namba yake ili zisije zikachanganywa wakati wa kuosha. Sindano ya chuma ilipobutuka ilinolewa kwenye jiwe, tundu lake likapitishwa waya mwembamba, kisha vyote vikatiwa kwenye chombo cha maji yanayochemka juu ya jiko la kuni, la mkaa au la mafuta ya taa. Glavu za mpira zilioshwa, zikaanikwa, zikapakwa poda na kuvaliwa tena. Shashi na vitambaa vya upasuaji vilifuliwa. Taka za zahanati ya miaka ya 1960 zilikuwa karatasi, pamba, majivu na kondo la nyuma, ambalo lilikuwa na shimo lake. Gharama ya mfumo ule ililipwa kwa vitu viwili, kuni na maji, na vyote viwili vilitoka kwenye mteremko.

Mfumo huo uliondoka kwa sababu nzuri, na lazima isemwe bila kusitasita, kwani hapa ndipo hoja nzito zaidi dhidi yangu ilipo. Penye kuni chache, haraka nyingi na muuguzi mmoja, kuchemsha kuligeuka kuwa kusuuza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 pekee, sindano zisizo salama ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B na watu 260,000 virusi vya UKIMWI duniani kote. Mwaka 1999 shirika hilo, UNICEF na UNFPA walikuwa tayari wametaka chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja. Tanzania iliufuata mkondo huo na watu wengi wakanusurika. Anayeitazama zahanati ya kale kwa hamu ya kuirudia hajaitazama vizuri. Lakini bomba la plastiki lilifika na nusu ya safari yake tu: utaratibu wa kulileta ulikuwa kamili, wa kuliondoa haukuwapo. Kisanduku cha kutupia sindano kilijaa, kikapelekwa nyuma ya jengo, kikachomwa shimoni au katika tanuru la matofali la muundo wa bei nafuu uliobuniwa katika chuo kikuu cha De Montfort, Uingereza. Tanuru likiendeshwa kwa joto pungufu, plastiki yenye klorini hutoa dioksini, sumu ambazo nchi yetu iliahidi kuzipunguza ilipouridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Moshi huo huanguka kwenye bustani na kwenye vijito, na kwa vituo vilivyo mlimani kila kijito huenda kwa mtu mwingine.

Je, tuchague kati ya homa ya ini na dioksini? Hatulazimiki, na jibu halikulazimika kutoka mbali. Katika mradi wa kimataifa wa taka za hospitali uliosimamiwa na UNDP kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipewa kazi ya kubuni mitambo ya bei nafuu ya kutakasa taka kwa mvuke, na waliitengeneza hapa nchini. Mvuke wa nyuzi joto 121 na kuendelea, ukishikiliwa kwa muda unaotakiwa, huua vijidudu bila kuchoma plastiki, na plastiki iliyotakaswa inaweza kusagwa na kuuzwa. Kazi ya kwanza kabla ya mtambo ni kutenganisha: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya hazina hatari zaidi ya taka za nyumbani, na zinakuwa za hatari pale tu zinapomwagwa pamoja na ile asilimia 15. Nesi anayetupa karatasi kwenye ndoo ya njano ya taka hatari, na damu kwenye ndoo nyeusi ya taka za kawaida, ameziambukiza zote mbili kwa mkono mmoja.

Angalia sasa mtambo wa mvuke unahitaji nini. Unahitaji umeme, na unahitaji maji, tena maji yasiyo na tope, kwa sababu maji machafu huacha ukoko ndani ya tangi na kuua vipashio vyake. Kila njia ya kuepuka moshi inaturudisha kwenye mteremko tulioutoka. Ndivyo ilivyo kwa kunawa mikono kabla ya kupokea mtoto, kwa kufua mashuka, kwa kuosha vidonda. Maji yenye tope yanadai shabu zaidi na klorini zaidi, kwa kuwa chembe za udongo huwakinga vijidudu wasifikiwe na dawa, na gharama hiyo humfikia kila mteja, hospitali ikiwamo. Chukua mfano mmoja: tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, mjini Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Majeruhi walipokewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro na wengi wakahamishiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Matibabu ya majeraha ya moto ni kazi ya maji tangu dakika ya kwanza: kupoza, kuosha, kubadilisha shashi, kufua, siku baada ya siku. Mji wa kwanza unakunywa mito ya Uluguru moja kwa moja, na jiji la pili linakunywa Ruvu. Mwaka 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikatangaza mgawo, hospitali za Dar es Salaam zilikuwa ndani ya jiji hilo hilo lililopanga ndoo.

Kuna jaribio moja lililoonyesha njia ya kurudi kwenye maelewano. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa Uluguru mpango wa kuwalipa wakulima kwa huduma ya maji. Katika vijiji vya Kibungo Juu, mkulima aliyekubali kupanda miti, kuacha kuchoma shamba, kutia mbolea na kuchimba matuta alilipwa kulingana na eneo alilolihudumia. Wanunuzi walikuwa wawili: DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar es Salaam wakati huo, na Coca-Cola Kwanza. Matuta ya ngazi yaliyopingwa mwaka 1955 yalichimbwa kwenye milima hiyo hiyo kwa hiari, kwa sababu safari hii mchimbaji alishauriwa juu ya udongo wake, alipewa samadi ya kurudisha rutuba, na alilipwa. Duniani mfano unaojulikana zaidi ni wa New York, ambayo mwaka 1997 ilikubaliana na watu wa milima ya Catskill kulinda ardhi ya chanzo badala ya kujenga mtambo wa gharama kubwa wa kuchuja maji. Tofauti ni kwamba New York iliweka mkono wake kwenye ankara za maji za mji mzima na fedha zikadumu, wakati Kibungo Juu ilitegemea wafadhili na wanunuzi wawili, na mpango wa namna hiyo hauna pa kushikia wafadhili wakiondoka. Wakati wote wa mpango huo hapakuwa na hospitali hata moja mezani. Sekta inayotumia maji kuokoa uhai, na yenye sauti inayosikilizwa na kila serikali, haikualikwa, wala haikuuliza.

Mganga mfawidhi yeyote anaweza kunijibu kwamba hana fedha za dawa, sembuse za miche. Pia anaweza kuongeza kwamba hewa ukaa ya zahanati za Uluguru haifai hata kutajwa: utafiti wa mwaka 2019 wa shirika la Health Care Without Harm uliiweka sekta ya afya duniani kwenye asilimia 4.4 ya hewa ukaa yote, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka nchi tajiri. Hoja ya pili naikubali yote, na ndiyo sababu nimeyaacha mambo ya hewa ukaa. Deni la hospitali zetu liko kwenye maji zinayopokea na uchafu zinaorudisha, na tutalipa deni hilo hata kama Ulaya haitawahi kuwasha balbu nyingine. Hoja ya kwanza ni ngumu zaidi. Lakini hospitali isiyo na fedha ndiyo inayonunua maji ya boza kiangazi, ndiyo inayobadilisha vipashio vilivyokufa kwa tope, ndiyo inayolaza watu wa kipindupindu, kama ilivyotokea mkoani Morogoro katika mlipuko ulioanza Agosti 2015. Fedha hizo zinatumika tayari, ila zinatumika baada ya madhara. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wazee, na mteremko wa Uluguru ni mkunga wa kila wodi iliyo chini yake.

Vyombo vya kulifanyia kazi jambo hili vipo. Misitu ya juu imeunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zinatambua vyanzo. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina makao yake Morogoro, mji huo huo zilipo hospitali, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa udongo wanaoijua milima hii. Kinachokosekana ni kiti kimoja, cha hospitali. Waganga wakuu wa mkoa na wilaya, na ninyi wajumbe wa bodi za hospitali kuanzia Morogoro hadi Muhimbili: mnapoandaa mpango wa mwaka ujao, wekeni sehemu ya ankara yenu ya maji iende kwa wakulima wa chanzo kwa mkataba ulioandikwa, na katika mkataba huo huo mjifunge kwamba hakuna plastiki ya hospitali itakayochomwa juu ya kijito. Pandeni Kibungo, Matombo na Mgeta mkazungumze nao kabla ya kuandika lolote. Wenye mlima wapo, na wanajua tangu 1955 tofauti ya mtu anayekuja kuamuru na anayekuja kupatana.